Mkaguzi wa Taka wa Kata ya 19

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za maisha ya Jane Addams, Bibi wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1935, ambaye jina lake lajulikana duniani kwa sababu ya Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopewa mwaka 1931. Lakini si kwa ajili ya tuzo hiyo tunamwandika. Twamwandika kwa sababu ya kazi aliyoifanya katika kata moja ya mji wa Chicago, kazi ya kuwawezesha watu maskini waliotoka nchi mbalimbali kuwa raia wa mji wao. Twamwandika pia kwa kuwa katika kazi hiyo alishindwa mara kadhaa na mtu ambaye, kwa haki, ndiye aliyestahili kushindwa. Habari za kushindwa huko zatufaa kuliko habari nyingi za ushindi.

Bibi Addams hakuzaliwa katika umaskini. Alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa na vinu, akawa mjumbe wa Seneti ya jimbo, tena alijuana na Abraham Lincoln. Mama yake alifariki naye akiwa mtoto wa miaka 2, na maradhi ya uti wa mgongo yakamwacha amepinda kidogo. Alisoma katika chuo cha wanawake cha Rockford, akamaliza mwaka 1881, na mwaka ule ule baba yake akafariki. Akaanza kusomea udaktari huko Philadelphia, maradhi yakamkatiza. Kisha ikaja miaka mingi ya kuhangaika. Alisafiri Ulaya, alikuwa na fedha za urithi, alikuwa na elimu, wala hakuwa na kazi. Wakati ule binti wa tajiri alisomeshwa vizuri, kisha akaambiwa aketi nyumbani apambe meza. Yeye aliiona hali hiyo kuwa ni ugonjwa mbaya kuliko ule wa mgongo.

Mwaka 1888 alifika London, akaona katika mitaa ya maskini ya mashariki ya mji nyumba iitwayo Toynbee Hall, ambamo vijana waliotoka vyuo vikuu walikaa pamoja na watu wa mtaa, wakifundisha na kujifunza. Aliporudi kwao alikuwa amekwisha kata shauri. Tarehe 18 Septemba 1889, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia katika jumba la zamani la matofali kwenye barabara ya Halsted, Chicago. Jumba lile lilijengwa mwaka 1856 na tajiri mmoja jina lake Charles Hull, nalo likaitwa Hull House. Wakati huo lilizungukwa na nyumba za mbao zilizosongamana, vilabu vya pombe na mazizi ya farasi.

Yafaa kueleza Chicago ilikuwa mji wa namna gani. Mwaka 1890 ulikuwa umepita watu milioni 1, na walio wengi walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Kuzunguka Hull House walikaa Waitalia, Wajerumani, Waairishi, Wabohemia, Wayunani, na Wayahudi waliokimbia Urusi na Poland. Kila watu walikuwa na lugha yao, kanisa au sinagogi lao, na duka lao la mkopo. Walikuwa jirani kwa ukuta tu. Wanaume walijenga njia za reli na kuchinja ng'ombe katika machinjio makubwa. Wanawake na watoto walishona nguo vyumbani mwao kwa ujira wa kipande, usiku na mchana.

Mabibi wale wawili walianza kwa kutundika picha nzuri ukutani na kuwasomea majirani riwaya. Hatuwacheki, maana kila mtu huanza na alichonacho. Lakini majirani walikuja na haja nyingine. Huyu alitaka mahali pa kumwacha mtoto aende kiwandani. Huyu aliomba wamsaidie kumwosha maiti, na yule aliomba msaada wa kumzalisha binti aliyekimbiwa na watu. Nao wakaenda. Likaanzishwa darasa la chekechea, pakafuata mahali pa kuoga, maktaba, masomo ya usiku, chumba cha mazoezi ya viungo na uwanja wa watoto kuchezea. Kufikia mwaka 1907 nyumba ile moja ilikuwa imezaa majengo 13.

Sikukuu ya kwanza ya Krismasi waliwapa watoto wa mtaa peremende. Wasichana wadogo kadhaa wakazikataa. Mabibi walishangaa, hata walipoelezwa ya kuwa wasichana wale walifanya kazi katika kiwanda cha peremende tangu saa 1 asubuhi hata saa 3 usiku, na hawakuweza tena kuvumilia hata kuziona. Majira yale yale wavulana watatu wa klabu ya Hull House waliumizwa na mashine moja katika kiwanda cha jirani, na mmoja wao akafa. Mashine ile ilikosa kinga ambayo bei yake ilikuwa dola chache tu. Bibi Addams alidhani wenye kiwanda wakisikia watashtuka na kuiweka. Hawakufanya neno lo lote, kwa kuwa wazazi walikuwa wametia sahihi karatasi za kutodai fidia. Hapo alifahamu ya kwamba upole wa jirani, hata ukiwa mwingi namna gani, haufiki ndani ya kiwanda. Kinachofika huko ni sheria.

Basi sheria ikatafutwa. Mwishoni mwa mwaka 1891 alikuja kukaa Hull House Florence Kelley, Bibi mwenye elimu kubwa na ulimi mkali. Alichunguza nyumba hata nyumba kazi za kushona kwa kipande. Vyama vya wafanya kazi vilisaidia, na mwaka 1893 Bunge la Illinois likapitisha sheria iliyokataza watoto walio chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani, na kuweka mwisho wa saa 8 kwa siku kwa kazi ya wanawake na vijana. Gavana Altgeld akamweka Bibi Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Matajiri hawakulala: mwaka 1895 Mahakama Kuu ya jimbo iliifuta sehemu ya saa 8, kwa hoja ya kuwa eti ilimnyima mwanamke uhuru wake wa kuafikiana na tajiri wake! Wasomaji wetu waufahamu uhuru wa namna hiyo.

Vyama vya wafanya kazi vilikaribishwa katika nyumba ile, na baadhi ya vyama vya wanawake washonaji vilianzishwa humo humo. Wasichana wa kiwanda cha viatu walipokuwa katika mgomo walionekana kusitasita, nao walieleza sababu: msichana asiye na mshahara hufukuzwa chumbani, na mwenye kuogopa kulala njiani hurudi kazini kabla ya wenzake. Kutokana na neno hilo ikaanzishwa nyumba ya ushirika iliyoitwa Jane Club, ambamo wasichana walikaa na kulipana gharama wao kwa wao, bila ya mlinzi wala mfadhili wa kuwaamuru.

Sasa tuje kwenye taka, kwa maana hapo ndipo kazi yake ya uraia ilipojaribiwa. Katika Kata ya 19 taka zilitiwa katika masanduku makubwa ya mbao yaliyokazwa kando ya njia, nayo yalifurika kwa siku nyingi. Matunda yaliyooza ya wachuuzi, matambara machafu, kinyesi cha farasi, vyote vilikutana humo. Na juu ya masanduku hayo ndipo watoto wadogo walipopanda na kucheza. Wengi wa mama zao walitoka vijijini, ambako mtu hutupa taka uani, zikaozea udongoni bila kumdhuru mtu. Bibi Addams alikaa nao akawaeleza ya kuwa mjini sivyo: mama aweza kufagia mlango wake mpaka mgongo uvunjike, lakini uchafu wa zizi na wa soko utamfikia mwanawe vile vile. Katika mji, kufagia ni jambo la siasa.

Wanawake 12 wa klabu ya Hull House, walio wake wa wafanya kazi, waliungana na wakazi wa nyumba ile kuzunguka vichochoro jioni baada ya kazi za siku. Katika miezi ya Agosti na Septemba peke yake habari zilizothibitishwa za kuvunjwa kwa sheria ya afya, zilizopelekwa katika idara ya afya ya mji, zilikuwa 1,037. Tunaomba msomaji aitazame hesabu hiyo kwa makini. Wale walikuwa wanawake wasiokuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa mji.

Idara haikufanya kitu cha maana, kwa sababu kazi ya kuzoa taka ilikuwa zawadi ya kisiasa iliyogawiwa marafiki. Mwaka 1895 Bibi Addams aliomba apewe yeye tenda ya kuzoa taka za kata. Ombi lake lilikataliwa kwa kasoro ndogo ya utaratibu, lakini watu walicheka na kusema hata Meya akaona haya, akamfanya mkaguzi wa taka wa kata kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Basi binti wa Seneta akawa akiamka alfajiri, saa 12 yu njiani akiyafuata magari ya taka mpaka jaani. Alimlazimisha mwenye tenda kuongeza magari kutoka 9 hata 13, kisha 17. Katika njia moja nyembamba, chini ya uchafu wenye kina cha inchi 18, waligundua barabara iliyotandikwa sawasawa. Ilikuwa imeandikwa katika vitabu vya mji, ila watu wa mtaa hawakujua kamwe ya kuwa wana barabara.

Baadhi ya majirani waliona ni aibu mwanamke kufanya kazi ile. Wengine walianza kumfuata. Baada ya muda vifo vya kata vilipungua, hata kata ile ikashuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7 katika orodha ya kata za mji zenye vifo vingi.

Aliyekasirika ni diwani. Jina lake Johnny Powers, mwenye kilabu cha pombe, aliyeingia katika Baraza la mji mwaka 1888 na kuwa mmoja wa wakuu wa kundi la madiwani waliouza haki za mji kwa makampuni. Kampuni ya tramu ilipotaka njia za mji, ilimwendea yeye. Fedha zilipita chini ya meza, na mfanya kazi alizilipa pole pole kwa nauli, bila kujua. Hull House ikaamua kumwondoa. Kata ilikuwa na madiwani wawili. Uchaguzi mmoja watu wa klabu ya wanaume walifaulu kumpeleka mtu wao katika kiti cha pili, na baada ya muda mfupi Powers akamtia mfukoni. Mwaka 1896 walimpinga Powers mwenyewe, wakashindwa. Mwaka 1898 wakampinga tena kwa nguvu zaidi, wakashindwa vibaya zaidi. Kazi ya ukaguzi wa taka nayo ikaondolewa, ikaunganishwa na cheo kingine ambacho mtihani wake waliruhusiwa wanaume tu.

Wengi katika hali hiyo husema raia ni wajinga, kisha hurudi nyumbani. Bibi Addams hakusema hivyo. Alikaa akajiuliza kwa nini watu waaminifu, wachapa kazi, wanampa kura mwizi, na mwaka 1898 akaandika majibu yake katika makala ambayo mpaka leo yastahili kusomwa na kila mtu mwenye kutaka kura za watu.

Alieleza ya kwamba Powers alikuwa jirani. Mtu akikamatwa, Powers alimwekea dhamana. Mjane akikosa kodi ya nyumba, Powers alilipa. Kijana asiye na kazi alipata kazi ya mji au ya tramu. Kwenye harusi alileta zawadi, na kwenye msiba alileta magari ya farasi ili maskini azikwe kwa heshima. Krismasi moja aligawa tani 6 za bata mzinga, mbali na bata wa kawaida na bata bukini. Aliwapa kwa mkono wake, akiwatania kwa majina yao. Wenye kutaka kuusafisha mji je, walileta nini? Walileta hesabu za wizi na maneno ya kanuni. Hata walibandika picha za kumwonyesha Powers amevaa suti akinywa mvinyo wa fahari, na mgombea wao, mwashi, ameketi juu ya jukwaa la ujenzi akila chakula cha mkebeni. Walidhani mfanya kazi atamchagua mfanya kazi mwenzake. Kumbe watu wa kata walitaka kuwakilishwa na mtu aliyefanikiwa, aliyevaa vizuri, aliyetoka kwao akafika juu!

Katika makala hayo hayo alieleza kisa kimoja kilichomuumiza. Mtoto mchanga aliyetupwa, aliyelelewa katika nyumba yao, alifariki. Wao waliona si vibaya serikali ya wilaya imzike, maana hakuwa na wazazi. Majirani walighadhibika, wakachanga senti zao ili mtoto yule asizikwe na serikali. Hapo alitambua ya kuwa, pamoja na miaka yote ya kukaa Halsted, walikuwa bado hawajaijua aibu kubwa kuliko zote kwa majirani zao. Powers alikuwa akiijua siku zote.

Sisi twaona hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Hakutaka kumshinda Powers kwa kugawa bata mzinga wengi zaidi. Aliona dawa ni mji wenyewe uwape watu, kama haki yao, yale ambayo diwani huwapa kama fadhila: kazi bila kubembeleza, maji safi, shule, uwanja, mahakama isiyomtia mtoto pamoja na wahalifu. Fadhila humfunga mtu kwa aliyempa. Haki humwacha huru apige kura kwa akili yake. Walakini njia hiyo ni ndefu, na katika urefu wake Powers huchaguliwa tena. Ndivyo ilivyokuwa, kwani alikaa katika Baraza miaka mingi.

Hata hivyo njia ilikwenda. Mwaka 1899 mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani ilifunguliwa Chicago, na wanawake wa Hull House ni miongoni mwa walioipigania. Mwaka 1902 homa ya matumbo ilipozuka, kata yao, yenye sehemu 1 tu katika 36 za watu wa mji, ilipata karibu sehemu 1 katika 6 za vifo vyote. Daktari Alice Hamilton, mkazi wa nyumba ile, alizunguka katika vyoo na mabomba na kutoa taarifa iliyoitikisa idara ya afya. Mwaka 1912 serikali ya Washington iliunda ofisi ya kuangalia hali ya watoto, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Julia Lathrop, ambaye naye alitoka Hull House.

Kwa habari ya watu weusi, hatutaficha kasoro. Mwaka 1901 aliandika kulaani mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya wazungu bila hukumu, lakini aliandika kana kwamba waliouawa walikuwa kweli na hatia ya makosa waliyosingiziwa. Ida B. Wells, mwandishi mweusi shujaa aliyekaa Chicago, alimjibu kwa hesabu na ushahidi. Walakini wawili hawa hawakuacha kufanya kazi pamoja. Gazeti moja kubwa la mji lilipoanza kuchochea watoto weusi na weupe watengwe shuleni, Bibi Wells alimwendea Bibi Addams, naye akawakusanya watu wakubwa wa mji, na uchochezi ule ukakoma. Mwaka 1909 alikuwa miongoni mwa walioweka sahihi wito wa kuunda chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP. Kisha mwaka 1912 aliunga mkono hadharani uteuzi wa Theodore Roosevelt katika mkutano wa chama kipya kilichowakataa wajumbe weusi wa majimbo ya kusini. Alipinga jambo hilo ndani, liliposhindikana akabaki. Twaona hapo alikosa.

Vita vya kwanza vya dunia vilimpa adhabu yake. Aprili 1915 aliongoza mkutano wa wanawake huko The Hague uliotaka vita vikome kwa usuluhishi. Aliporudi alisema ya kuwa askari vijana katika nchi kadhaa hupewa kileo kabla ya kushambulia kwa singe. Magazeti yaliyokuwa yakimwita mtakatifu yalimwita msaliti. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 hakubadili neno lake, na kwa miaka mingi kumbi nyingi zilifungwa mbele yake. Ndiyo maana tuzo ya mwaka 1931 iliwashangaza waliomtukana.

Alifariki tarehe 21 Mei 1935. Mwili wake uliwekwa Hull House, na maelfu ya watu wa mtaa, wengi wakiwa wazee waliofika pale wakiwa watoto, walipita kumwaga kabla hajapelekwa Cedarville kuzikwa.

Mapema katika miaka ya 1960 Meya Richard J. Daley aliamua Chuo Kikuu cha Illinois kijengwe mahali pale. Wasimamizi wa Hull House walikubali kuuza. Waliokataa ni majirani, wakiongozwa na Florence Scala, binti wa mshonaji nguo wa Kiitalia, aliyelelewa na masomo ya nyumba ile ile. Wanawake waliandamana, wakaketi katika ofisi ya Meya, wakaifikisha kesi mpaka Mahakama ya juu kabisa ya Marekani. Walishindwa mwaka 1963, na majengo yakabomolewa, isipokuwa jumba la asili na ukumbi wa kulia, ambayo yamekuwa makumbusho. Shirika lililoendelea na kazi ya Hull House mahali pengine lilifungwa kwa kukosa fedha mwaka 2012. Bibi Scala aligombea udiwani mwaka 1964. Alishindwa, kama walivyoshindwa watu wa Hull House mwaka 1896 na 1898. Lakini safari hii aliyesimama kugombea alikuwa mwanamke, tena mzaliwa wa mtaa.